Chai ya barafu: Kinywaji cha joto la Shangani kinachohitaji barafu ya kuaminika

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

JOTO la pwani ya kusini halina simile. Kuanzia Oktoba hadi mvua zinapokolea mwishoni mwa mwaka, mkazi wa Shangani mjini Mtwara hurejea nyumbani adhuhuri akiwa na kiu ambayo kikombe cha chai ya moto hakiwezi kuizima. Upepo wa baharini huleta nafuu jioni, lakini mchana kila mtu huulizia kilicho baridi.

Katika nyumba nyingi jibu la kiu hiyo huwa soda au juisi ya pakiti. Hata hivyo, zipo familia zinazotumia kitu ambacho hakikosekani jikoni: chai ya rangi iliyopozwa, ikatiwa ndimu, mchaichai au tangawizi, kisha ikanywewa pamoja na barafu. Ni kinywaji chepesi kutengeneza, gharama yake ni nafuu, na mpikaji mwenyewe ndiye anayeamua kiasi cha sukari.

Makala haya yanaeleza namna ya kukitengeneza nyumbani. Yanaeleza pia kwa nini jambo moja ambalo wengi hulipuuza, yaani maji yaliyotengenezewa barafu, ndilo linaloamua iwapo kinywaji hicho kitakuwa burudani au chanzo cha maradhi.

Somo la futari

Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hilo kwa gharama. Katika Ramadhani moja iliyopita, chai ya rangi yenye iliki na ndimu iliandaliwa nyumbani kwa ajili ya futari. Maji yalichemka vizuri, majani yakachujwa, sufuria ikafunikwa. Magharibi ilipokaribia chai ilikuwa bado vuguvugu, hivyo mtoto akatumwa dukani kununua barafu. Ikavunjwa na kutiwa ndani ya jagi.

Usiku ule watoto wawili waliharisha, na kulipopambazuka mdogo wao alikuwa amelegea kiasi cha kupelekwa zahanati. Muuguzi aliyempokea alimwanzishia maji ya ORS, akamtuliza mama yake, kisha akauliza kama maji yaliyotengenezewa barafu ile yalikuwa yamechemshwa. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Barafu ile haikupimwa popote, kwa hiyo si haki kudai kwamba ndiyo iliyowaumiza watoto. Lakini swali la muuguzi lilifichua pengo kubwa. Familia nzima ilikuwa imejishughulisha na usafi wa chai, ilhali theluthi moja ya kilichokuwamo ndani ya jagi ilikuwa maji ambayo hakuna aliyejua yametoka wapi.

Barafu haiui vimelea

Wengi huamini kwamba baridi kali huua vijidudu kama moto unavyoviua. Imani hiyo si sahihi. Kuganda kwa maji hupunguza idadi ya baadhi ya vimelea, lakini wengi hubaki hai wakiwa wamelala tu, na barafu inapoyeyuka ndani ya glasi huamka wakiwa na uwezo wao wa kuambukiza. Vimelea vya homa ya matumbo, vya kuhara na vya kipindupindu vyote vinaweza kumfikia mnywaji kwa njia hiyo.

Ushahidi wa jambo hilo umekwishaonekana. Kipindupindu kilipolipuka nchini Peru mwaka 1991, wachunguzi wa afya walioufuatilia ugonjwa huo katika mji wa Piura waliutaja unywaji wa maji yasiyochemshwa na wa vinywaji vya mitaani, vikiwamo vilivyotiwa barafu, miongoni mwa mambo yaliyowaweka watu hatarini. Hapa nchini, mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi ya Tanzania Bara na kufika Zanzibar, na ujumbe wa wataalamu wa afya ulikuwa ule ule: chemsha au tibu maji, nawa mikono, kula chakula cha moto.

Kwa miji ya mwambao kuna hatari nyingine ya kuzingatia. Penye wavuvi pana barafu ya kuhifadhia samaki. Barafu hiyo kazi yake ni kulinda samaki wasiharibike. Husafirishwa katika makasha ya samaki, huvunjwa sakafuni na kushikwa na mikono mingi. Haifai kutiwa katika kinywaji, hata kama kwa macho inang'aa kama kioo.

Aidha, ndimu haipaswi kutegemewa kama dawa ya maji. Ni kweli kwamba ukali wake huwadhoofisha baadhi ya vimelea, lakini vipande viwili vya ndimu ndani ya jagi havitoshi kusafisha barafu iliyochafuka.

Chai ya milimani, ladha za pwani

Kunywa chai ikiwa baridi si jambo jipya duniani. Nchini Marekani, kitabu cha mapishi cha Marion Cabell Tyree kilichotoka mwaka 1879 kilikuwa na maelekezo ya kutengeneza chai ya barafu. Umaarufu wake uliongezeka katika maonesho makubwa ya kimataifa yaliyofanyika St. Louis mwaka 1904, ambako mfanyabiashara wa chai, Richard Blechynden, anasimuliwa kuwa aliona wageni wakiikwepa chai yake ya moto kwa sababu ya joto la kiangazi, akaamua kuwauzia ikiwa na barafu.

Mtwara haioti chai. Mmea huo hutaka nyanda za juu zenye ubaridi na mvua nyingi, na ndiyo maana majani tunayotumia hutoka Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara. Mkoa huu unafahamika zaidi kwa korosho. Lakini kama majani ni ya milimani, vionjo vinavyoyafaa viko tele hapa pwani: ndimu, mchaichai unaooteshwa uani, ukwaju, ubuyu, maembe, na viungo kama iliki, mdalasini na karafuu vinavyopatikana katika kila soko.

Vipimo vya lita mbili

Ili kupata lita mbili za chai, ambazo ni sawa na glasi nane za mililita 250, andaa lita moja ya maji ya kuchemsha, lita nyingine moja ya maji yaliyokwisha kuchemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya majani ya chai, vijiko vinane vya chai vya sukari, na kionjo unachokipenda. Asiyekuwa na majani ya kawaida atumie mifuko sita ya chai.

Chemsha lita ya kwanza mpaka ichemke kwa kububujika, uiache hivyo kwa dakika moja au zaidi. Epua, tia majani, funika, uyaache kwa dakika nne au tano tu. Kosa la wengi ni kuyaacha majani yachemke robo saa kwa kudhani kwamba chai itakuwa nzito. Matokeo yake ni ukakasi, kwa sababu tanini huendelea kutoka katika majani, na ukakasi huo huonekana zaidi chai inapokuwa baridi. Anayetaka chai nzito aongeze majani, asiongeze muda.

Chuja kwa chujio safi, kisha tia sukari chai ikiwa bado ya moto. Sukari huyeyuka upesi katika maji ya moto, lakini katika maji baridi hutuama chini ya glasi, na mnywaji huishia kuongeza nyingine bila sababu. Viungo vikavu kama iliki, mdalasini na karafuu viingie mapema, vichemke pamoja na maji. Ndimu na matunda visubiri mpaka chai ipoe.

Chai hiyo ya kwanza ni nzito kwa makusudi, maana bado itaongezwa maji na barafu. Mimina lita ya pili ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Ukikusudia kutia barafu ndani, punguza maji hayo kwa kiasi cha barafu utakayotumia, ili chai isiwe chapwa itakapoyeyuka.

Usiweke sufuria ya moto ndani ya jokofu, kwa kuwa itapandisha joto la vyakula vingine. Iweke kwanza katika beseni la maji ya kawaida na ubadilishe maji hayo mara mbili au tatu. Chai isikae nje zaidi ya saa mbili, kwani vijidudu huzaana haraka katika hali ya uvuguvugu. Ikishaingia katika jokofu, itumike ndani ya siku moja.

Mara nyingine chai iliyopoa hupata ukungu ndani yake. Hali hiyo haimaanishi kwamba imeharibika. Ni tanini na kafeini vilivyoshikamana kwa sababu ya baridi. Kuongeza maji kidogo ya moto huirudishia mng'ao. Lakini chai yenye ute, povu lisiloeleweka au harufu ya kuchacha imwagwe bila kusitasita.

Jihadhari pia na desturi ya kuloweka majani ya chai katika maji yasiyochemshwa na kuyaacha juani yajipike. Jua la Mtwara ni kali, lakini haliwezi kuyafikisha maji ya jagi katika joto la kuua vimelea. Kinachopatikana ni chai yenye rangi nzuri katika maji yale yale yasiyo salama.

Vionjo vinavyoafikiana na chai

Mchaichai: Majani manne au matano yaliyooshwa na kukunjwa hutosha kwa lita mbili. Yachemke na maji kwa dakika tano kabla ya kutia majani ya chai. Harufu yake hushabihiana na ya limau kwa sababu vyote viwili vina mafuta ya aina moja, hivyo ukitumia mchaichai mwingi punguza ndimu.

Tangawizi: Kipande cha urefu wa kidole gumba, kilichotwangwa na kuchemshwa kwa dakika kumi, hutoa ukali wa wastani. Ukali huo hupungua kidogo chai ikiwa baridi, kwa hiyo mpenzi wa tangawizi anaweza kuzidisha kipimo alichozoea.

Ndimu: Ndimu mbili hutosha. Ukizikamulia utaiona chai ikibadilika kutoka wekundu mzito na kuwa ya rangi ya dhahabu. Ni kazi ya ukali wa ndimu juu ya rangi za chai, wala chai haijapoteza nguvu. Ndimu haiwezi kuchanganywa na chai ya maziwa, kwani maziwa yataganda.

Ukwaju: Loweka ukwaju wa kiasi cha kiganja katika kikombe cha maji ya moto kwa nusu saa, uuponde, uchuje, kisha uchanganye na chai iliyopoa. Kwa kuwa ukwaju ni mchachu, mpikaji hushawishika kuongeza sukari. Ni bora kupunguza ukwaju.

Ubuyu: Unga wa ubuyu, vijiko viwili vya chakula, ukorogwe katika chai ikiwa bado ya moto, kisha ichujwe tena. Kinywaji huwa kizito kiasi na chenye uchachu mwanana.

Embe na nanasi: Tunda lioshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa, kisu na kibao navyo viwe safi. Vipande viwekwe ndani ya glasi wakati wa kunywa, visilale ndani ya jagi.

Msimu wa korosho unapofika, wapo wanaojiuliza kuhusu mabibo, ambayo hapa kusini ni maarufu zaidi kwa kutengenezea uraka. Tunda hilo lina ukakasi wake wa asili, na likikutana na tanini ya chai ukakasi huongezeka. Anayetaka kujaribu alipike kwa mvuke dakika chache, alikamue, achuje, na aongeze kiasi kidogo tu katika chai nyepesi.

Maji ya kisima yana hukumu yake. Visima vilivyo karibu na bahari aghalabu huwa na chumvi, na kuchemsha huua vimelea lakini hakuondoi chumvi. Maji yenye chokaa nyingi nayo huifanya chai iwe na utando juu na rangi iliyofifia. Ni vyema kuyatenga maji yenye ladha nzuri kwa ajili ya chai, na mengine yatumike kwa kuoshea.

Njia ya kupata ubaridi bila hofu

Iwapo nyumbani kuna jokofu, suluhisho ni kutengeneza barafu yako. Chemsha maji, yapoe yakiwa yamefunikwa, yamimine katika vyombo safi vyenye mifuniko na uyagandishe. Usijaze chombo hadi juu, kwa maana maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9 na yanaweza kupasua chupa. Barafu ichukuliwe kwa kijiko au koleo, isishikwe kwa mkono.

Asiyekuwa na jokofu anaweza kupeleka maji yake yaliyochemshwa kwa jirani mwenye nalo, yakiwa ndani ya chupa iliyofungwa. Yatagandia humo humo, na atakaporudishiwa atakuwa na hakika ya kilichomo. Chupa ya chai ya kuhifadhia joto nayo husaidia, kwani huzuia joto kupita pande zote mbili: iliyo tupu na kavu hutunza vipande vya barafu kwa saa kadhaa.

Pale ambapo barafu ya dukani ndiyo pekee inayopatikana, bado kuna njia. Barafu hiyo isiingie ndani ya chai. Mimina chai katika chupa yenye kifuniko au sufuria ndogo iliyofunikwa vizuri, uiweke katikati ya beseni, kisha uzungushie barafu kwa nje. Nyunyiza konzi mbili za chumvi ya mawe juu ya barafu hiyo. Chumvi huifanya iyeyuke ikiwa na baridi kali zaidi ya barafu ya kawaida, na chai hupoa kwa muda mfupi. Kabla ya kumimina, futa chupa kwa kitambaa safi ili matone ya nje yasidondokee katika glasi.

Mtungi wa udongo bado una nafasi yake. Maji hupenya taratibu katika kuta zake, yakikauka kwa nje huondoka na joto. Ni kweli kwamba unyevu wa hewa ya pwani hupunguza ufanisi huo, lakini mtungi ukiwekwa kivulini panapopita upepo, kinywaji kilichomo katika chupa iliyozamishwa ndani yake hupata ubaridi wa kuridhisha.

Pasipokuwa na kuni wala mkaa wa kutosha kuchemsha maji yote, vidonge vya kutibu maji kama WaterGuard vinaweza kutumika kwa maji ya kuongezea na ya barafu, kwa kufuata maelekezo ya pakiti na kusubiri muda ulioandikwa kabla ya kuyatumia.

Sukari, damu na watoto

Faida nyingine ya chai ya nyumbani ni sukari. Soda ya kawaida ya mililita 350 huwa na takribani gramu 35 za sukari au zaidi, sawa na vijiko vya chai vinane au tisa. Kwa vipimo vilivyotajwa hapo juu, glasi moja ya chai ina kijiko kimoja, yaani gramu nne hivi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na kwamba kushuka hadi gramu 25 kuna manufaa zaidi.

Hata hivyo, chai haifai kunywewa pamoja na chakula na kila mtu. Tanini huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika vyakula vya mimea. Mama mjamzito anayekula ugali kwa mbaazi, kunde au kisamvu, akishushia kwa chai, hupoteza sehemu ya madini ambayo yeye na mtoto wanayahitaji ili kuepuka upungufu wa damu. Inashauriwa chai inywewe saa moja au mbili baada ya mlo. Wakati wa kula, maji yenye ndimu yanafaa zaidi, kwa kuwa vitamini C husaidia madini hayo kupokewa na mwili.

Watoto wadogo nao wasipewe chai yenye majani, kutokana na kafeini na tanini. Kwao, mchaichai mtupu uliochemshwa, ukapozwa na kutiwa ndimu kidogo, unatosha kabisa, na kwa macho ya mtoto hauna tofauti kubwa na kinywaji cha wakubwa. Asali isitumike kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Kwa anayetaka kuuza

Wapo watakaoona katika kinywaji hiki njia ya kujipatia kipato, hasa wakati wa joto na katika mwezi wa Ramadhani. Ni wazo jema, lakini kosa la nyumbani huumiza familia moja, na kosa la kibandani huumiza mtaa mzima. Anayekusudia kuuza amwone afisa afya wa kata yake kwanza, ajue pia kwamba tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa vyakula upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kibandani, ndoo iwe na mfuniko na bomba, glasi zioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na chai iliyobaki jioni isichanganywe na ya kesho. Mnunuzi naye ana haki ya kuuliza barafu imetengenezwa kwa maji gani. Muuzaji mwadilifu hatakasirika. Jibu lake ni tangazo la biashara yake.

Watoto wale walipona baada ya siku tatu. Chai ya futari haikuachwa nyumbani humo, ila tangu wakati huo chupa mbili za maji yaliyochemshwa hulala ndani ya jokofu kila usiku, na barafu ya dukani, inapolazimika kununuliwa, huishia ndani ya beseni.